Barua Niliyoisoma Nusu

Nina miaka arobaini na mmoja. Mimi ni mtawa, mzaliwa wa Iringa, na kwa miaka kumi na minane sasa nafundisha wasichana kusoma na kuandika. Nimechoka, wasomaji wenzangu... Sisemi uchovu wa miguu, huo tumeuzoea. Nimechoka na jambo moja nililolibeba tangu Kwaresima ya mwaka hamsini na tano. Leo naliweka chini mbele yenu, labda nitapumua.

Mwaka ule nilikuwa nimehamishiwa shule ya bweni ya misheni, nje kidogo ya mji wa Mbeya. Wasichana tisini, masista wanne tu! Asubuhi Misa, kisha darasani, mchana shambani kwenye viazi, jioni kusahihisha madaftari mpaka macho yanawasha. Na baridi ile ya Mbeya mnaijua wenyewe. Lakini niliipenda kazi yangu, na nilijivuna kwa kuipenda.

Somo lililonipa sifa lilikuwa la kuandika barua. Niliwafundisha wasichana kwamba salamu hutangulia, kisha useme nyumbani wote hawajambo, kisha uwaulizie wazee mmoja mmoja kwa jina. Habari yenyewe ije mwisho kabisa. Anayeanza na shida yake, niliwaambia, ni kama mgeni anayeomba chakula kabla hajaketi. Wasichana walicheka, wakaandika hivyo hivyo. Hata makatekista wa vijijini, wanaowaandikia barua wazee wasiojua kusoma, walifundishwa vivyo hivyo.

Kati ya wasichana wale alikuwamo Tusekile, wa darasa la nane, Mnyakyusa kutoka milima ya Rungwe. Alitaka kuwa mtawa kama mimi. Alikuwa akibaki darasani kunifutia ubao bila kuombwa, na mimi nisiye na mtoto nilimpenda, sitaficha. Aliporudi kutoka likizo ya Krismasi aliniambia kwamba amemwacha mama yake anakohoa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Sisi masista wakati wa Kwaresima hatukupewa barua zetu. Mama Mkuu alizitunza mpaka Pasaka, nasi tulitoa hamu ile kama sadaka. Wasichana nao walifuata desturi hiyo. Ila amri ilikuwa na huruma: sista mmoja afungue kila barua na kuisoma, na yenye ugonjwa au msiba itolewe siku ileile. Nyingine ziingie sandukuni. Kazi hiyo nilipewa mimi.

Wiki ya pili ya Kwaresima barua zililetwa nyingi kwa pamoja. Mezani nilikuwa na madaftari hamsini. Nikafungua ya Tusekile, mwandiko safi wa katekista wa kijijini kwao. Salamu nyingi sana... Sisi huku wote hatujambo, hofu ni kwako wewe uliye mbali... Kisha ikafuata orodha ya wajomba na mashangazi. Nikatabasamu, nikaikunja, nikaitia sandukuni.

Sikugeuza ukurasa! Jamani, ingenichukua muda gani?

Alhamisi Tusekile akaja kuniuliza kama kuna barua yake. Nikamjibu asubiri Pasaka kama wenzake. Juma lililofuata akaja tena. "Sista, samahani, nataka tu kujua mama anaendeleaje."

Nikamwambia, "Nyumbani wote hawajambo. Nimeisoma mwenyewe."

Alifurahi, maskini! Akanishukuru kwa kupiga goti.

Jumapili ya Pasaka, baada ya Misa, niligawa barua uwanjani. Kulikuwa na vicheko kila upande. Tusekile alisoma akitembea, akageuza ukurasa, akasimama. Hakupiga kelele. Alinijia akanionyesha kwa kidole mistari miwili ya mwisho: mama yako ni mgonjwa sana, hali chakula tena, anakutaja wewe tu, njoo upesi.

Barua ilikuwa imekaa sandukuni kwangu mwezi mzima. Na kwao ni safari ya siku moja tu!

Jumatatu ya Pasaka nilipanda naye lori la mizigo kwenda Rungwe. Njia nzima nilisali, na yeye hakunitazama. Tulipofika, kaburi lilikuwa na majuma mawili. Baba yake alitupokea kwa heshima, akaniwekea maziwa ya mgando, akanishukuru kwa kumleta mtoto. Heshima ile ilinichoma kuliko matusi! Nikamwambia kosa langu lote, nikilia.

"Ndaga, asante, Sista, umesema kweli," akasema mzee. "Mama yake alikuwa anasikia lori huko barabarani, anauliza, Tuse amefika? Kila lori. Mimi namwambia, bado, ni Kwaresima, watamruhusu tu."

Nilirudi Mbeya peke yangu. Padre alinipa maondoleo. Mama Mkuu alisema ni haraka tu, si ubaya wa moyo. Lakini haraka yangu ilimnyima mtu kumuona mama yake. Kuna jina gani jingine la ubaya?

Baada ya miezi miwili ikaja barua, mwandiko wa Tusekile. Haikuanza na salamu. Alisema hivi: Sista, sirudi shule, na utawa siutaki tena. Sijakusamehe. Siku nikikusamehe nitakuandikia. Kisha ndipo zikafuata salamu, kwamba baba hajambo na wadogo zake hawajambo, na niwasalimie masista wote.

Ndugu zangu, nawasihi. Ukiandika barua, shida yako iweke juu kabisa, salamu zitasubiri. Ukisoma ya mwenzako, soma mpaka kwenye sahihi. Na usimwambie mtu kwamba kwao ni wazima kwa sababu tu umechoka!

Sanduku lile sasa tunawekea chaki. Barua za wasichana hutolewa siku zinapofika. Sisi masista bado tunatoa sadaka yetu, na kila Kwaresima ikianza Mama Mkuu hunikumbusha kwamba barua zangu zitatunzwa. Nimemwomba moja tu isitunzwe. Anajua ni ipi.

Huu ni mwaka wa nne, na bado haijafika.