Matone ya Ntate Mohlouoa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Limpho aliwasha moto, akapika uji wa mtama na kusikiliza habari za magoti ya bibi yake. Habari hizo hazikuwa na mwisho.

"Leo yananikata kama shoka!" alilalamika Nkhono, kama Limpho alivyomwita bibi yake, huku akijifunga blanketi. Jana yalikuwa yanachoma. Juzi yalikuwa yanatafuna.

"Umekunywa dawa za zahanati, Nkhono?"

"Nimekunywa. Za presha na za magoti. Tumbo limekuwa duka la dawa!"

"Na mazoezi uliyofundishwa na nesi?"

"Mazoezi! Kwani mimi ni askari?"

Limpho alishusha pumzi. Alimpenda bibi yake, lakini malalamiko yale yalikuwa yamemfika kooni.

Jirani yao, Ntate Mohlouoa, yaani Mzee Mohlouoa kwa lugha yao, alikuwa na dawa yake. Mgongo wake uliumia alipokuwa mchimba madini, na kwa miaka mingi hakulala vizuri mpaka alipoanza kutumia mafuta ya bangi. "Matone matatu tu," alijisifu kwa kila aliyepita, "mgongo kimya!"

"Hebu nyamaza," mkewe alimkata. "Mimi bega langu halikusikia lolote. Niliona njaa tu, nikamaliza sufuria nzima ya ugali."

Limpho alisikia habari ya mgongo. Ya bega aliipuuza.

Jumamosi moja alitumwa kurudisha ungo kwa jirani. Hakukuwa na mtu ndani, na kichupa cha mafuta yale kilikuwa dirishani. Alikitia mfukoni. Nyumbani alidondosha matone matatu katika chai ya Nkhono, kisha, kwa kuwa magoti ni mawili, akaongeza mengine matatu.

Saa moja na nusu ikapita. Ghafla Nkhono akashika ukuta. "Limpho, nyumba inazunguka! Moyo wangu unakimbia!" Akatapika, miguu ikamlegea, akaanguka chini.

Limpho alipiga kelele. Ntate Mohlouoa na mkewe walikuja mbio, wakamkalisha Nkhono kwenye toroli na kumsukuma hadi zahanati.

"Amekula nini?" aliuliza nesi Lineo huku akipima presha.

"Uji na chai tu, kama kawaida yake," alijibu Ntate Mohlouoa.

"Basi hiki huenda ni kiharusi. Naita gari limpeleke hospitali ya wilaya." Akanyanyua simu.

Limpho alitamani ardhi immeze. Lakini je, nesi akitibu ugonjwa usiokuwepo? "Ni mimi!" akasema, akitoa kichupa. "Nilikichukua dirishani kwa Ntate Mohlouoa, nikamtilia mafuta haya kwenye chai. Matone sita."

Nesi aliweka simu chini, akamtazama mtoto, kisha akamgeukia mwenye kichupa. "Ntate, umekiacha dirishani, watoto wanapita? Nitasema mpaka lini?" Ntate Mohlouoa aliinamisha kichwa.

Nkhono alilazwa kitandani na kuchunguzwa kila baada ya muda mfupi. Kufikia jioni moyo ulikuwa umetulia, na alikuwa ameanza kulalamika kuhusu mto. Limpho alipiga magoti kando yake.

"Nisamehe, Nkhono. Nilitaka unyamaze... yaani, upone."

"Mtoto wewe, ungeniua!" Kisha akamshika mkono. "Lakini umesema kweli mapema. Nami nimekuchosha, najua."

Nesi alibadilisha dawa za magoti, akaagiza kitambaa cha maji moto, na safari hii akamsimamia Nkhono mwenyewe afanye mazoezi, akiketi na kunyoosha miguu. Nkhono alinung'unika kila siku, lakini aliyafanya. Baada ya wiki sita aliweza kutembea mpaka kisimani bila kupumzika. Maumivu hayakuisha, ila yalipungua.

Siku ya kupimwa tena, nesi alimwita Limpho. "Mafuta yale yalimsaidia mzee mgongo. Mkewe hayakumfaa. Bibi yako ni mzee, mwembamba, na ana dawa za presha mwilini, yakamwangusha. Hata sisi tuliosomea hatuwezi kujua kwa kumtazama mtu kama yatamfaa au yatamdhuru. Kwa hiyo tunauliza, tunapima, tunaanza kidogo, tena mgonjwa mwenyewe akijua. Dawa ya jirani usimpe mtu, Limpho, hata kama umechoka kiasi gani kumsikia akilia."

"Ndiyo, 'M'e," alijibu Limpho, akimwita nesi mama kwa heshima, kisha akampa bibi yake mkono wateremke ngazi.