Taa ya Tundu la Sita

Mkuu wa kitengo aliniita saa kumi na moja jioni, wenzangu wakiwa tayari wameshika mikoba.

"Askari anastaafu leo," alisema. "Kifaa kipya kimefika. Mtoe yule wa zamani kabla hujaondoka, kesho asubuhi tufunge mpya."

Askari ndilo jina tulilokipa kifaa cha ulinzi wa mtandao wa ofisi yetu ya maji. Ni kisanduku cheusi, bapa, kilicholala ndani ya kabati la chuma. Usoni kina matundu manane ya kuchomekea nyaya, na juu ya kila tundu kuna taa moja ndogo. Ikicheza kwa rangi ya kijani, mazungumzo yanapita. Ikiwaka rangi ya chungwa, Askari amemzuia mtu mlangoni. Barua pepe, simu za mezani, kila kinachoingia na kutoka lazima kipite kwake. Kazi ya kumwambia nani apite na nani abaki nje ilikuwa yangu.

Ningeweza kusingizia kuumwa. Mwaka mzima nilikuwa natunga visingizio vya kutoingia kile chumba peke yangu. Lakini visingizio navyo huisha, na mkuu alikuwa ameshaanza kunitazama kwa jicho la pembeni.

Nilikwenda stoo kuchukua funguo. Mzee wa stoo tunamwita Kufuli, kwa sababu ukimwomba bisibisi utadhani unaposa binti yake. Jioni hiyo hakunidai hata sahihi. Aliziweka funguo kaunta, akaacha kiganja chake juu yake.

"Unakwenda kumtoa Askari?"

"Ndiyo, mzee."

"Peke yako?"

"Kwani ana uzito gani?"

Hakucheka. Alinieleza kwamba mwezi uliopita kuna fundi wa mkataba alitumwa kumzima Askari amsafishe vumbi. Alichomoa waya wa umeme, akakaa mle ndani dakika kumi, akauchomeka tena, akatoka, akaacha funguo na hakurudi tena, hata mkoba wake hakuufuata.

"Alisema taa moja inakataa kuzima. Nikamwambia ni umeme umebaki kwenye nyaya." Mzee Kufuli alishusha sauti. "Binti yangu, mimi mitambo siijui. Ila mambo ya watu kufungwa nimeyaona tangu utoto. Mle ndani kuna mtu amefungwa. Na aliyemfunga anajijua."

Nikazivuta funguo kutoka chini ya kiganja chake. 

Najua watu wakisikia hadithi ya uchawi hukaa wakimsubiri mchawi atokee. Msijisumbue. Mchawi wa hadithi hii ni mimi.

Nilikuwa na mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Alikuwa na pumu tangu mdogo, na kwa jinsi kifua chake kilivyopiga mluzi, watoto wenzake walimwita Filimbi. Jina likamganda, naye akalipenda. Usiku alipozidiwa mimi ndiye niliyemkalisha, nikamwegemeza kifuani kwangu, nikamhesabia pumzi mpaka apitiwe na usingizi. Alipokua nikamtafutia kazi ya kuendesha pampu kwenye kituo cha mlimani, mwendo wa saa tatu kwa gari. Kule simu za mkononi hazishiki. Kulikuwa na simu moja tu ya mezani, na mawimbi yake yalitoka kwenye mnara, yakaingia kwa Askari kupitia tundu la sita, ndipo yakamfikia mtu.

Filimbi alipenda filamu. Alizipakua kwa mtandao wa ofisi mpaka mikutano ya mkuu ikawa inakatika-katika. Nilimkanya mara ya kwanza, akacheka. Nikamkanya mara ya pili, akaniita mama mkwe. Siku hiyo mkuu alinisema mbele za watu, nami nikapandwa na hasira. Nikafungua orodha ya waliozuiwa, nikaandika anwani ya mtandao ya kituo chake. Nikasema moyoni, leo atalala bila filamu, kesho atatia akili.

Nikasahau kwamba simu ya mezani nayo ilitumia anwani hiyo hiyo. Mimi mwenyewe ndiye niliyeiunganisha kule. Mafundi wapya ninaowafundisha nawaambia kila siku, kabla hujamfungia mtu mlango tazama nyuma yake kuna nani. Mimi sikutazama. Nilikwenda nyumbani, nikala nikashiba, nikalala fofofo.

Jioni ile ile moshi wa jenereta la dizeli ulijaa kwenye chumba chake, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa imeisha. Walimkuta asubuhi ameketi sakafuni, mgongo ukutani, mkonga wa simu mapajani.

Nilizifungua kumbukumbu za Askari kabla mtu mwingine hajazifikiria. Saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili jioni, imezuiwa. Dakika kumi na tatu, imezuiwa. Kumi na tano, imezuiwa. Mara thelathini na moja. Alikuwa akimpigia nani, haikuandikwa. Nikaitoa anwani yake kwenye orodha. Nikafuta kumbukumbu zote. Watu waliposema mnara ulikuwa na hitilafu, niliitikia kwa kichwa.

Mama hakuridhika. Kila jioni, tulipokaa kula, aliuliza swali moja.

"Hivi kweli mwanangu alikufa bila hata kujaribu kunipigia?"

"Laini ilikuwa mbovu, mama."

Kila jioni nikaapa kwamba kesho nitamwambia. Mwaka ukapita hivyo, nikila chakula chake na kumdanganya.

Basi nikaufungua mlango wa chumba cha mitambo.

Baridi. Mngurumo wa feni. Dirishani, jua lilikuwa linamalizikia nyuma ya mapaa. Nikaweka kompyuta yangu ndogo juu ya stuli, nikafungua kabati, nikaanza kuchomoa nyaya moja moja na kuzibandika karatasi za namba. Tundu la sita lilikuwa tupu. Kituo cha mlimani kilihamishiwa laini nyingine wiki ile ile ya mazishi, kwa ombi langu.

Nikachomoa waya wa umeme. Feni za Askari zikapunguza mlio... zikapunguza... zikanyamaza. Taa zikazima.

Zote isipokuwa moja.

Tundu la sita. Rangi ya chungwa.

Ikawaka. Ikazima. Ikakaa kama inayopumzika... ikawaka tena.

Nilitazama saa ya ukutani. Kumi na mbili na dakika kumi na mbili.

Nikajiambia maneno yale yale ya mzee Kufuli, kwamba ni umeme umebaki. Nikauinua waya wa umeme, nikauona unaning'inia mkononi mwangu. Hapo ndipo harufu iliponifikia. Moshi wa dizeli, ndani ya chumba kisicho na injini wala jenereta. Kisha sauti, nyembamba, ikitoka ndani ya lile tundu tupu. Nikainama, nikasogeza sikio.

Hiiii... hiiii...

Naujua mluzi ule kuliko ninavyojua sauti yangu. Bila kutaka nikaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Tatu...

Simu ya ukutani ikalia.

Nilikuwa nimeung'oa waya wake dakika tano zilizopita. Kioo chake kidogo kilikuwa kimewaka, na maandishi yakasomeka: KITUO CHA MLIMANI. Miguu ilitaka mlango, lakini mkono ukaenda kwenye mkonga.

"Dada..."

Mluzi. Pumzi inayotafutwa na kukosekana.

"Dada... nifungulie."

"Filimbi," nikanong'ona. "Mdogo wangu. Nisamehe."

"Dada... nifungulie."

Sauti ile ile, maneno yale yale, kana kwamba sikusema kitu. Nikaelewa. Yake ilinifikia, yangu haikumfikia. Bado alikuwa amezuiwa.

Nikachomeka waya wa kompyuta kwenye uso wa Askari, huku nikijua kifaa hakina umeme na hakiwezi kunijibu. Kikajibu. Orodha ya waliozuiwa ikafunguka, na ndani yake kulikuwa na anwani moja tu, tarehe ya mwaka jana, na pembeni jina langu kama mtu aliyeiweka. Anwani niliyokuwa nimeifuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Niliogopa, sitaficha. Sikujua upande wa pili kumesimama nini, na nikiufungua ule mlango kitapita nini pamoja naye. Taa ikawaka na kuzima. Nikamfikiria sakafuni, peke yake, akibonyeza namba na kungoja. Nilimfungia nje akiwa hai. Ningemwachaje nje na sasa amekufa?

Nikafuta anwani.

Rangi ya chungwa ikafifia. Ikaja kijani.

Mluzi ukakatika.

"Dada?" Sasa ilikuwa sauti yake kabisa, safi, kama ya asubuhi.

"Nipo. Nipo hapa."

"Nimepiga sana."

"Najua. Mimi ndiye niliyekufungia, Filimbi. Sikujua unaumwa, nilikuwa na hasira tu, nilitaka..."

"Nipe mama," akasema.

 Mwaka mzima nilikuwa nimejiandaa kwa laana yake, nimejiandaa kuulizwa kwa nini. Hakuwa amenipigia mimi. Zile mara thelathini na moja zote alikuwa anamtafuta mama yake.

Nimwunganishe, mama ajue kwamba mwanawe alipiga, na ajue nani alimzuia. Au nimjibu mama amelala, nikate. Mungu anisamehe, nilifikiria kukata. Hata pale, nikiwa nanusa moshi uliomuua, kidole changu kilisita juu ya kitufe, nami nikajua kwamba nikikata itakuwa mara ya thelathini na mbili, na safari hii bila hasira na bila kusahau.

Nikabonyeza namba ya mama.

Mlio mmoja. Miwili.

"Haloo?" Mama alisema, kwa ile sauti yake ya kumngojea mtu.

Laini ikanitoa. Nikabaki na mkonga mkavu sikioni. Lakini juu ya tundu la sita taa ya kijani ilikuwa inacheza, harakaharaka, kisha polepole, kisha harakaharaka tena, kama watu wawili wanaopokezana maneno. Niliketi sakafuni, mgongo ukutani, nikaitazama na kulia mpaka nikaishiwa machozi. Dakika arobaini na tatu. Halafu ikazima yenyewe, na harufu ya dizeli ikaondoka nayo.

Nilimfungua Askari skrubu, nikampeleka stoo mikononi. Mzee Kufuli alikuwa bado ananingoja. Alikipokea kisanduku kwa adabu, kama mtu anayepokea mtoto, akakigeuza kutazama yale matundu.

"Ametoka?" akauliza.

"Ametoka."

"Amekwenda wapi?"

Nikaziweka funguo kaunta, nikaondoka.

Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilifika nyumbani nikamkuta mama kitandani kwake, simu mapajani, khanga imelowa kifuani. Macho yalikuwa yamevimba, lakini uso wake ulikuwa umetulia kama ambavyo sikuwa nimeuona kwa mwaka mzima. Nikapiga magoti mbele yake.

"Mama, kuna kitu lazima nikuambie. Kuhusu siku ile..."

Akaniziba mdomo kwa kiganja. Taratibu, bila ukali.

"Mdogo wako amepiga," akasema. "Ameniomba nisikuulize."

"Mama, niulize."

"Nimemwahidi."

"Nakuomba uniulize."

Akatikisa kichwa, akanifuta machozi kwa pindo la khanga, akainuka kwenda jikoni. Anajua yote au hajui chochote, sijui. Nimejaribu kumwambia mara tatu tangu siku ile, na mara zote tatu ameinuka na kuniacha nikiongea na kiti.

Askari yuko stoo, ndani ya boksi, bila waya hata mmoja. Nimekwenda kuhakikisha. Lakini kila siku, saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili jioni, simu ya mama hulia mara mbili. Huichukua, akaingia chumbani, akafunga mlango kwa ndani. Nami husimama nje. Namsikia anaongea chini chini, ananyamaza, anasikiliza. Wakati mwingine anacheka, kicheko ambacho nilidhani tulikizika. Niliwahi kugonga, nikaomba niongee na Filimbi hata neno moja. Mazungumzo yakakatika mara moja, na nyumba ikawa kimya mpaka nilipoondoka mlangoni.

Akimaliza hutoka, hunipita ukumbini, hunishika bega kwa upendo. Ananiuliza kama nimekula. Siku hizi ndilo swali pekee analoniuliza.