Cherehani Isiyo na Uzi

Cherehani ilikuwa inakwenda bila uzi. Katibu wa kamati ya wakazi aliliona hilo akiwa bado mlangoni: sindano inapanda, inashuka, na kitambaa hakuna. Mjane wa nyumba ya jirani, ambaye jengo zima lilimwita Bi Cherehani, alikuwa anakanyaga tu, jasho linamtoka.

"Dada, nimeshakuonya mara ngapi?" Katibu alisema. "Mchana watu wanapumzika. Leo tunaichukua."

Sheria hiyo ya kutopiga kelele mchana aliipigania yeye mwenyewe, ili binti yake apate kulala akitoka shule. Katibu alikuwa mtu wa kunyoosha mambo. Ukisahau ndoo ngazini, atakugongea. Hata binti, waliyemwita Chiriku kwa kuwa hanyamazi, alikuwa amenyooshwa: akiitwa mara moja anaitika, hangoji ya pili.

"Nikiacha nitaisikia ile iliyomo ukutani," mjane alinong'ona, miguu haisimami. "Inaita mchana, jua likiwa kali. Inaita kwa sauti ya mtu wako. Ukiitika tu, imekupata. Tafadhali, mdogo wangu, niachie kelele zangu."

Katibu nusura acheke. Aliwaita walinzi wawili, cherehani ikabebwa hadi stoo ya kamati, akafunga na kutia ufunguo mfukoni. Jioni ile alijisikia vizuri, tusifiche. Jengo lilikuwa kimya kama alivyotaka.

Kesho yake mchana alikuwa anakunja nguo aliposikia, upande wa pili wa ukuta, mjane akiitika kwa furaha ya bibi harusi: "Labeka, mume wangu! Nakuja!" Mume huyo alizikwa zamani. Walimkuta mjane amesimama anatazama ukuta, macho wazi, mdomo wazi, hajui hata jina lake, na chumba kizima kinanuka nywele zilizoungua. Kaka yake akaja kumchukua, nyumba ikatiwa kufuli.

Siku iliyofuata, jua likiwa utosini, mtu alimwita Chiriku kutoka ndani ya nyumba ile tupu. Aliita taratibu, kwa mapenzi, na Katibu, aliyekuwa jikoni na sufuria mkononi, aliiachia ikaanguka, maana sauti ile ilikuwa yake mwenyewe. Aliruka, akamziba mtoto mdomo.

"Usiitike! Hata ukisikia ni mimi, usiitike."

"Lakini mama, si utanigombeza?"

Katibu alitaka kulia, ila muda huo hakuwa nao. Alimbeba mtoto hadi stoo na kurudi naye, huku akiikokota cherehani ngazini, akamlaza kitandani na kuuacha mlango wa chumba wazi ili amwone, akaiegemeza mashine kwenye ukuta ule na kuanza kukanyaga, na kila alipopunguza mwendo harufu ya nywele zilizoungua ilipenya, na chini ya ule mngurumo sauti yake iliendelea kubembeleza, inasogea, mara iko nyuma ya kabati, mara iko karibu na chumba cha mtoto, naye akazidi kukanyaga mpaka mapaja yakawaka moto, akimwomba Mungu jua lishuke upesi.

Mwenyekiti wa kamati akaingia na wale walinzi wawili bila kungoja kukaribishwa.

"Katibu! Hata wewe?"

"Mzee wangu, nakuomba. Mpaka jua lipoe tu. Mwanangu..."

"Simu yangu haipumui kwa malalamiko. Nikikuachia wewe, kesho nitamwambia nini mwingine? Sheria umeiandika kwa mkono wako." Akawageukia walinzi. "Bebeni."

Katibu alilikumbatia gurudumu. Walimbandua vidole kimoja kimoja, kwa upole, huku wakimwomba radhi. Gurudumu lilizunguka kidogo lenyewe, kisha likasimama.

Nyumba ikawa kimya.

"Chiriku, mwanangu," Katibu akaita kutoka chumbani.

Mwenyekiti aligeuka kumtazama Katibu aliyesimama mbele yake. Midomo ya Katibu ilikuwa imefumbwa. Kisha ikafunguka, na mama akakimbilia mlango wa chumba akipiga kelele mtoto asijibu, asithubutu kujibu. Lakini Chiriku hakuwahi kungoja ya pili.

"Abee, mama."