Shemeji Asiye na Namba

Simu ililia wakati kinyozi Wembe ameshika kisogo cha mteja, na kioo chake hakikuonyesha namba. Si ule mchezo wa watu kuficha namba, huo kila mtu anaujua. Hapa palikuwa na kitufe cha kijani, kitufe chekundu, na katikati, pale tarakimu zinapokaa, weupe mtupu kama ukuta uliopakwa chokaa jana.

"Pokea basi, labda ni bahati yako," mteja alisema.

Wembe alipokea. Hakusikia neno. Alisikia mtu akivuta pumzi taratibu, kama anavuta kupitia kitambaa kilicholowa. Papo hapo ikamjia harufu ya nywele zinazoungua. Akagusa mashine ya kunyolea. Ilikuwa baridi. Akakata simu.

Simu nayo, kwa heshima zake zote, ikauliza: Ongeza kwenye anwani?

Mimi na wewe tungeachana nayo. Lakini Wembe! Huyu kijana hakuitwa Wembe kwa sababu ya ukinyozi peke yake. Mungu alimpa mdomo akasahau kumfungia breki. Katika simu yake hakukuwa na mtu mwenye jina alilopewa na wazazi wake. Wateja wote aliwasevu kwa vichwa vyao: Kichwa Yai, Nundu Mbili, Mvi za Kupaka. Huyu aliyekuwa kitini alikuwa Kisogo Ubao.

"Hivi mimi umenisevu nani?" Kisogo Ubao aliuliza.

"Mheshimiwa," Wembe akajibu bila kupepesa macho.

Kisha akakumbuka jinsi dada yake alivyomsema asubuhi ile kwa kuacha ndevu kwenye beseni. Dada alikuwa fundi cherehani, akishonea sebuleni kwao. Alikuwa mkubwa kwake kwa miaka mitano na hajaolewa, na posa tatu alizirudisha. "Huyo anangoja mume wa kumshona mwenyewe," Wembe alizoea kusema. Basi akaandika: Shemeji. Chini, pale simu inapouliza uhusiano, akajaza: Mume wa dada. Akabonyeza Hifadhi, akamwonyesha Kisogo Ubao, wakacheka mpaka povu likamwingia mteja sikioni.

Simu ikapata joto mkononi, kama chai ndani ya kikombe cha bati. Wembe akasema betri.

Jioni alimkuta dada anashona shati jeupe.

"La nani hilo?"

"La mtu," alisema, akatabasamu huku anautazama ukuta.

Wembe akalinyanyua ili apate la kuchekea. Mabega yalikuwa mapana kama mlango. Mikono aliipima kwa macho, akaipima tena kwa kuishikiza begani kwake, na vifungo vya mkononi vikamgusa vidole vya miguu.

"Dada, huyu mtu au ngazi?"

"Mwache. Ndivyo alivyo." Na mkono aliomnyang'anyia shati ulikuwa wa baridi kama kopo lililotoka mtungini.

Tangu siku hiyo dada akaacha kula. Mama akimwekea chakula, anakisogeza pembeni, anasema ameshiba, amekula "kule". Alianza kunukia marashi ambayo hakuna mtu ndani ya nyumba aliyeyanunua, matamu mno, na chini ya utamu ule Wembe alisikia nywele zinazoungua. Akiwa peke yake sebuleni aliongea kwa sauti ya chini, akacheka, akanyamaza kama anayesikiliza, ilhali simu yake ilikuwa kabatini, imezima. Mama akasema labda ni homa. Ila mama alikuwa ameanza kuzunguka upande wa pili wa meza ili asipite nyuma ya kiti cha dada, na alipoulizwa kwa nini, alisema, "Pale pana mtu, mwanangu. Sijamwona. Lakini pamejaa."

Siku moja, kwenye duka lake la kunyolea, simu ikalia. Shemeji.

"Asante," sauti ilisema. Nzito, ya upole, kama inatoka chini ya sakafu. "Muda mrefu nazunguka, hakuna aliyenipa ukoo. Wewe umenipa mke. Kesho, jua likizama, nakuja kumchukua."

Wembe, yule mwenye majibu ya kila mtu, alikata simu. Akafungua jina lile alifute. Halikuwa kama alivyoliacha. Lilikuwa limejijaza lenyewe: mtaa wao, mlango wao, na picha. Ilimwonyesha dada kwa nyuma, ameinamia cherehani, na ilipigwa kutoka juu, kwenye pembe ya dari, pale ambapo hapawezi kukaa hata mjusi aliyeshiba. Akabonyeza Futa. Jina likaondoka, akahema, na kabla hajamaliza kuhema likarudi, likakaa juu ya majina yote. Akalizuia lisimpigie. Simu ikalia palepale, safari hii imeandika Kichwa Yai, akapokea kwa furaha ya mtu aliyeona jirani, na ndani yake akasikia kitambaa kilicholowa kinavutwa, na ile sauti ikisema polepole, bila hasira yoyote, "Shemeji, mbona unanikimbia?"

Kesho yake, alasiri, akamleta mganga. Alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, mtu asiyependa maneno mengi, ambaye Wembe alikuwa amemsevu Ubani. Alipoingia sebuleni alisimama kizingitini akanusa. Dada alikuwa anashikiza vifungo kwenye shati, macho hayakupepesa.

"Nani kamwoza huyu binti?" mganga aliuliza kwa kunong'ona.

"Hakuna," mama alisema.

"Hawa hawaingii bila kukaribishwa, mama mwenzangu. Nani kamwita mkwe?"

Wembe akatoa simu mfukoni kama mtoto anayetoa sukari aliyoiba. Mganga aliishika mbali na uso, akasoma, akamtazama juu ya miwani.

"Baba yenu yuko wapi?"

"Alishatangulia."

"Mwanamume wa nyumba hii ni nani?"

"Mimi," Wembe alisema, na hata pale, jamani, hata pale, kifua kilimtanuka kidogo.

"Basi wewe ndiye uliyemwoza. Mwenye mamlaka ya kumtoa dada yako ni wewe, na umemtoa, na ukaandika."

"Nilikuwa natania, bibi!"

"Uliwahi kumsikia anacheka?"

Nje jua lilikuwa limeshafika kwenye mabati ya jirani. Mganga akawasha ubani, moshi ukapanda kidogo kisha ukainama, ukaizunguka sehemu moja nyuma ya kiti cha dada, sehemu ndefu, ndefu mno, iliyofika darini na ikalazimika kukunja shingo. Mama akaziba mdomo kwa kanga.

"Mfukuze, nakuomba," alinong'ona.

"Simwezi. Ana haki humu. Talaka ni ya mume, na huyu hatoi." Mganga akamrudishia Wembe simu. "Kufuta hakusaidii. Ila unaweza kuhariri. Mpe ukoo mwingine, ule ambao mwenye nao hawezi kumwoa huyu binti. Lakini nisikie vizuri, kijana. Udugu si nguo, humvui mtu ukishamvika."

"Nimwandike nani? Baba?"

"Ukimwandika baba atawatawala wote, mpaka mama yako. Harakisha!"

Cherehani ikaanza kwenda. Dada alikuwa ameinuka, miguu yake haiko kwenye pedali, na gurudumu linazunguka, sindano inapiga bila uzi, kwanza taratibu, halafu mbio, halafu mbio kuliko mguu wowote wa binadamu, na lile shati likainuka kutoka mezani likaanza kujaa, bega moja kisha la pili, kisha mikono ile mirefu, na mkono mmoja ukashuka ukamshika dada kiunoni, naye akafumba macho akaanza kutembea kuelekea mlangoni, huku vidole vya Wembe, vidole vilevile vinavyokata mstari wa ndevu bila kutetemeka, vinakosea herufi, vinafuta, vinakosea tena, na mama anamwita binti yake kwa jina lake la utotoni, na jua linabaki kipande chembamba kama ukucha.

Kaka, Wembe akaandika. Uhusiano: Kaka wa dada, kaka yangu. Hifadhi.

Cherehani ikasimama. Shati likaanguka sakafuni. Dada akakaa chini palepale, akatazama mikono yake, akasema, "Mama, nasikia njaa." Akala sahani mbili.

Mganga hakungoja hata kuagwa vizuri. Alikusanya vyombo vyake, akaondoka bila kumtazama Wembe usoni.

Wembe naye, unamjua, kesho yake tayari alishakuwa shujaa. Dukani alisimulia jinsi alivyomkalisha jini kwa kidole kimoja. Alirudi nyumbani anapiga mluzi. Dada anashona gauni la mteja, mashavu yamerudi, mama anapakua chakula. Raha iliyoje!

"Punguza mluzi," mama alisema. "Kaka yako amelala."

Wembe akacheka. Alicheka peke yake.

"Kaka yupi?"

Dada aliinua kichwa, amekasirika kweli. "Umeanza. Mmegombana nini tena? Mtu aliyekubeba mgongoni mpaka hospitali ulipovunjika mguu!"

"Dada, ulinibeba wewe."

"Mimi? Kwa mgongo upi, na mimi mwenyewe nilikuwa mtoto?" Akamgeukia mama, wakatazamana kama watu wanaomwonea mtu huruma.

"Mama," Wembe alinong'ona, "jana ulikuwa hapa. Uliona."

"Niliona nini? Jana dada yako alikuwa na homa, na kaka yako ndiye aliyemleta yule mama wa dawa." Alisema hivyo kwa utulivu kabisa, huku anafunika sinia. Lilikuwa limejaa kuliko sahani zao zote tatu.

Kutoka chumba cha ndani, kilichofungwa tangu baba afariki, mtu alikohoa. Kitanda kililia kwa uzito.

"Huyo ameamka. Mpelekee," mama alisema, akamkabidhi sinia. "Na usimjibujibu. Tangu baba yenu aondoke, yeye ndiye mwenye nyumba."

Wembe akamtazama dada. Alikuwa mzima, anatunga uzi kwenye sindano, anaimba kwa sauti ya chini. Kama angelitupa lile sinia, kama angekwenda kulihariri tena lile jina, alijua ni nani angeanza upya kushona shati. Akatembea. Mlango wa chumba ulifunguka kabla hajaugusa, giza likamtolea harufu yake.

"Ingia, mdogo wangu," sauti ilisema kwa upole. "Funga mlango."

Na Wembe, ambaye hakuwahi kukosa neno maishani mwake, alilipata moja tu.

"Naam, kaka."