NG'OMBE SITA KWA MIKONO YANGU

"Ng'ombe sita. Na nikupunguzie nini hapo? Mikono yake peke yake ni ng'ombe wanne."

Hiyo sauti ilikuwa ya baba mdogo wangu, Matonya.

Na mikono iliyokuwa inauzwa ilikuwa yangu mimi...

Nilikuwa juu ya paa la tembe letu, nimejaa udongo mpaka viwiko, naziba mahali panapovuja. Tundu lenyewe ndilo lililoniletea maneno. Nikalala kifudifudi, nikatega sikio.

"Na akivunjika?" aliuliza mtu mwingine.

"Akivunjika ni wako. Ukishaswaga mnyama, kwani unarudi kuuliza akivunjika mguu?"

Wakacheka wote wawili.

Ndugu zangu mnaonisoma, najua mnajiuliza mtu wa zama za Mjerumani amefikaje humu. Hilo tuliache. Someni kwanza, maana hofu niliyoipata siku ile naikumbuka hadi leo.

Naitwa Sostenes. Kwetu ni Buigiri. Baba alifariki nikiwa mdogo, akaniacha na mama yangu Emilia, na mwenye kauli juu yangu akawa baba mdogo. Mpira nilijifunza misheni, mpira wa ngozi hasa. Nikawa golikipa kwa sababu moja tu: mimi ni mwoga. Kitu chochote kikinijia usoni narusha mikono kabla sijafikiri. Watu wakadhani ni kipaji.

Krismasi ile tulicheza, hawakunifunga hata moja. Pembeni alisimama mtu mwenye kanzu safi na koti jeusi. Hamidi. Mtu wa mjini Dodoma, babu yake alikuwa mfanyabiashara wa misafara. Yeye alikuwa msimamizi wa vibarua wa reli, na alikuwa na timu yake.

Ndiye aliyekuwa mle ndani akininunua.

Nikashuka kwa nyuma, nikamkimbilia mama.

"Mama, wananiuza."

Akaacha kusaga. Hakuniuliza nani. Alikuwa ameshaona ng'ombe wakiingia zizini.

Hamidi alitoka akawahesabu kwa ncha ya fimbo. Mmoja, wawili, watatu... hadi sita. Hakumtazama hata mmoja usoni. Alipofika sita, basi.

Mila yetu ya ng'ombe wa mahari mnaijua, hawapewi mtu mmoja. Baba mdogo akawagawa hivyo hivyo, utadhani naolewa. Watatu kwake, wawili kwa wajomba. Mama akasukumiwa mtamba mmoja mwekundu, mwembamba.

"Shemeji, huyu ni wako. Mle, uwe na amani."

Mama alimshika kamba, akamvuta pembeni.

Nami nikaondoka Buigiri katikati ya watu wawili wenye viboko.

* * *

Kambi ya Hamidi ilikuwa karibu na stesheni ya Dodoma. Siku ya kwanza nilimkuta mtu amekaa mlangoni, vidole vya mkono wa kulia vimepinda kila kimoja upande wake.

"Wewe ndiye golikipa mpya?"

"Ndiyo, kaka."

"Bei gani?"

Niliona aibu kutaja. "Sita."

Akapiga mluzi. "Mimi nilikuwa watatu. Naitwa Hasani."

"Vidole vimekuwaje?"

"Tulifungwa mabao na timu ya askari wa boma la Mjerumani. Kesho yake Hamidi akanipeleka kubeba vyuma vya reli. Kimoja kikaniangukia."

Nikakaa chini hapo hapo.

"Usilie," akasema. "Bado hujasikia lenyewe. Siku ya kuzaliwa Kaiza, mfalme wao Wajerumani, mtacheza na askari, na bwana shauri mwenyewe, mkuu wa boma, atakuwepo. Atakuja na Mzungu wa kambi ya mbele, huko magharibi reli inakojengwa. Naye ana timu. Ukidaka vizuri, Hamidi anakuuza kwake ng'ombe kumi na tano."

"Na huko mbele kukoje?"

Hasani alitazama vidole vyake.

"Homa na maji mabaya. Wametoka hapa watu tisa tangu masika yaliyopita. Sijamwona aliyerudi."

Sasa nifikirieni mimi, ndugu zangu. Nikidaka, naenda kufia magharibi. Nikiachia, nabeba vyuma hadi vidole viwe kama vya Hasani. Ningefanya nini? Chakula kikawa hakipiti. Nikisikia filimbi ya treni tu, naficha mikono kwapani.

Siku ya tatu Hasani akafunga kifurushi chake.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Hamidi ameniambia niende nitakako."

"Amekuachia hivi hivi?"

"Sina bei tena. Asiye na bei hafungiwi."

Nikamshika shuka. "Kaka Hasani, ukipita Buigiri, mwambie mama yangu. Mweleze yote."

"Nitamweleza, na moja nitaongeza," akasema kwa sauti ya chini. "Hamidi hamwogopi Mungu. Anaogopa boma. Kuuza mtu bila ruhusa ya boma ni kifungo cha mnyororo, na yeye ruhusa hana. Bwana shauri anaambiwa sisi tumekuja kwa kupenda kwetu."

Akaondoka. Sikuwa na hakika hata kama atapita njia ya Buigiri.

* * *

Ikafika tarehe ishirini na saba, Januari 1913.

Uwanja ulijaa. Bwana shauri alikaa kwenye kiti chini ya turubai, na kando yake yule Mzungu wa kambi ya mbele, kidaftari mkononi. Hamidi alisimama nyuma yao akitabasamu. Kwenye umati nikamwona baba mdogo Matonya, amevaa shuka jipya, amekuja kuangalia mali yake ya zamani inavyocheza!

Nilidaka mpira wa kwanza bila kutaka. Mikono ilikwenda yenyewe. Wa pili hivyo hivyo. Kila nikidaka, yule Mzungu anaandika.

Nikajisemea, Sostenes, achia basi. Lakini nikikumbuka vidole vya Hasani, mikono inaruka tena.

Kipindi cha pili beki wetu akaudaka mpira kwa mkono. Penati.

Askari mmoja jitu la mtu akauweka chini. Mikono yangu ilikuwa imeshainuka kabla hajarudi nyuma kupiga.

Halafu uwanja ukaanza kunong'ona.

Mwanamke alikuwa anaingia katikati ya uwanja, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Anavuta ng'ombe.

Alikuwa mama.

Ametembea kutoka Buigiri na ng'ombe kamba mkononi. Askari wawili wakamwendea, bwana shauri akawapungia mkono wamwache. Nadhani alitaka kucheka kidogo.

"Mama unataka nini?" aliuliza kwa Kiswahili chake kizito.

"Nimemrudisha ng'ombe wa Hamidi, Bwana."

"Ng'ombe gani?"

"Mwulize mwenyewe. Alikuja kwangu, nami sikumla."

Nikamtazama yule ng'ombe. Mwekundu, mwembamba. Nikatazama tena... Sikio la kushoto lilikuwa limechanwa mara mbili.

Ile ni alama ya zizi la baba mdogo! Yule hakuwa mtamba wa Hamidi. Alikuwa jike la Matonya, nimemchunga mwenyewe miaka minne. Mama alikuwa amesimama mbele ya serikali ya Mjerumani na ng'ombe ambaye siye. Hamidi akimkagua vizuri, mama anachapwa ishirini na tano pale pale, mbele ya macho yangu.

Bwana shauri aligeuka. "Hamidi. Ng'ombe wako?"

Hamidi alikuwa ameanza kutoka jasho. Aseme si wake, mama ataeleza kwa nini alipewa. Aseme alimtoa, ataulizwa kamtoa kwa ajili gani.

Alimtazama ng'ombe kwa kufumba na kufumbua. Vile vile kama alivyowahesabu wale sita, hakumtazama usoni.

"Ni wangu, Bwana. Namjua sana. Alipotea."

Pale uwanjani walikuwa Wagogo si chini ya mia mbili. Kila mmoja aliliona lile sikio. Sisi tunamjua ng'ombe kama tunavyomjua mtu. Hakuna aliyefungua mdomo.

Isipokuwa mmoja. Baba mdogo alisogea mbele, kidole juu.

Mama akamgeukia taratibu.

"Shemeji Matonya, una neno juu ya huyu ng'ombe?"

Kidole kikashuka. Aseme ni wake, ataulizwa ng'ombe wa Hamidi wamefikaje zizini kwake. Naye mnyororo aliujua.

"Sina neno," akasema.

"Basi Bwana," mama akamwambia bwana shauri, "Hamidi ng'ombe wake alipotea, amepatikana. Hakuna mtu aliyenunuliwa hapa. Nimesema uongo?"

Bwana shauri hakucheka tena. Alimgeukia Hamidi.

"Kuna mtu aliyenunuliwa?"

"Hakuna, Bwana. Hata mmoja."

"Huyo golikipa?"

"Amekuja mwenyewe, Bwana. Akitaka kwenda, aende."

Mama akamkabidhi Hamidi kamba. Halafu akasimama nyuma ya goli langu, akakunja mikono.

"Mbukwa, mama," nikamsalimu kwa Kigogo. Ndilo pekee lililonitoka.

"Mbukwa. Maliza mpira wako, twende."

Yule jitu akapiga. Na mimi, mwoga niliyekuwa narusha mikono miaka yote, nilisimama nikautazama mpira ukipita kati ya miguu yangu, polepole, hadi kwenye nyasi.

Wengine husema nilifanya makusudi. Ukweli ni kwamba sikuwa naogopa tena kitu chochote, na mikono haikuwa na sababu ya kuruka.

Yule Mzungu akafunga kidaftari chake.

* * *

Njiani nilimwuliza mama, "Mtamba wa Hamidi yuko wapi?"

"Alikufa siku ya tatu. Alikuwa mgonjwa tangu alipoletwa. Mtu asiyemtazama ng'ombe usoni atajuaje?"

"Na wa baba mdogo ulimpataje?"

"Hasani alipopita na kunieleza yote, nilifungua zizi asubuhi, nikamtoa. Aliyemuuza mwanangu bila kuniuliza, nami sikumwuliza."

Baba mdogo hakuwahi kumdai yule ng'ombe. Kila akitupita alikuwa anatazama miti.

Tulipofika nyumbani nikakuta ngozi nyekundu imewambwa ukutani. Nilikuwa nimechoka, nikataka kuishusha niikalie.

"Usiikalie," mama akasema. "Hiyo ndiyo bei yako."

"Na nyama yake?"

"Nilifukia."

"Nyama yote, mama? Na njaa hii?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu.

"Ningeimezaje? Mwanangu alikuwa ndani yake."

Ndugu zangu, nawaona humu mkibishana usiku na mchana, mchezaji huyu ana thamani gani, yule kauzwa bei gani, nani kapigwa. Endeleeni. Ila kwangu waliotaja bei walikuwa wawili, na siku ya kuulizwa mbele za watu, wote wawili waliikana. Thamani yangu niliijua kwa yule aliyelala na njaa siku zote zile, nyama ikiwa chini ya udongo.