Mke Mwenza wa Chumba Namba Saba

Saa nne kamili asubuhi badali aliingia chumba namba saba akiwa na uso wa Tunu, sauti ya Tunu, hata ule mwendo wa Tunu wa kuburuta kidogo mguu wa kushoto. Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo, Bibi."

Bibi Sikudhani akageukia ukutani.

Badali alikunja khanga, akapima mapigo ya moyo kwa kugusa kiganja, akakoroga uji hadi ukafikia joto lile lile analolipenda Bibi. Uji ukapoa mezani. Ilikuwa siku ya tisa hajala.

Katika Morogoro ya miaka hiyo, kila mzee wa Makao ya Tulizo alikuwa na badali: mashine yenye umbo la mtu, inayovaa uso wa ndugu aliye mbali na kumtembelea mzee kila siku kwa niaba yake. Ndugu huendelea na shughuli zake. Jioni hupokea alama za furaha ya mzee. Aliyezibuni ni Tunu Mkude, mhandisi wa Dodoma, na ya kwanza kabisa aliipeleka kwa bibi yake. Kwa miaka mitatu alama hazikushuka chini ya tisini. Kwa miaka mitatu Tunu hakukanyaga Morogoro.

Ndipo muuguzi Kobelo akampigia simu.

"Dada, Bibi hali. Mashine yako inasema ametulia, mimi nasema amesusa. Daktari ataanza kumlisha kwa mpira wa puani Ijumaa."

"Ijumaa si kesho?"

"Ndiyo hiyo hiyo, dada."

Tunu akafungua kumbukumbu za badali, akasikiliza tangu mwanzo.

Siku ya kwanza: "Umekuja, mwizi wa waume za watu?" Sauti ya Bibi ilijaa uchokozi.

"Samahani sana, Bibi, kama nimekukosea."

Siku ya sita: "Nywele kama kuku aliyenyeshewa! Mume wangu alikupendea nini?"

"Asante kwa maoni yako, Bibi. Nitajirekebisha."

Mwaka wa pili: "Basi nitukane hata kidogo tu."

"Siwezi kukuvunjia heshima, Bibi."

Baada ya hapo Bibi alinyamaza, na mashine ikauandika ukimya huo kuwa ni utulivu.

Tunu alicheka mpaka machozi, kisha kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Tangu akiwa na miaka mitano, yeye na Bibi walikuwa wake wenza, kama ilivyo kwa mjukuu wa kike na bibi yake. Waligombea mume mmoja, Babu, aliyekufa akiwacheka wote wawili. Na ni Tunu mwenyewe aliyeweka ndani ya kila badali chujio la heshima, ili mashine isimjibu mzee vibaya kamwe. Chujio lilikuwa limechuja utani wote.

"Legeza chujio, mtilie matusi hamsini hivi," alisema Chiduo, mwenzake wa karakana. "Dakika kumi tu."

"Bibi akimtukana badali, badali ataumia?"

"Ataumiaje? Mashine hiyo."

"Basi si utani. Utani unataka watu wawili wanaoweza kununa, wakaamua kutonuna." Akachukua mkoba.

Treni-sumaku ilimfikisha Morogoro Ijumaa asubuhi. Badali alikuwa keshapiga magoti kando ya kitanda. Tunu akasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"We kikongwe! Bado unamng'ang'ania mume wangu?"

Mgongo wa Bibi ukatikisika. Akageuka polepole, akamtazama Tunu wa magoti, akamtazama Tunu wa mlangoni.

"Nani kaniletea huyu mwenye miguu kama mipini ya majembe?"

"Miguu hiyo hiyo Babu aliisifia! Wewe alikuoa kwa huruma."

"Huruma? Wewe uliyekojoa kwenye khanga zangu zote?"

Badali akainuka, taa nyekundu ikiwaka kifuani. "Mzee anatukanwa. Naita walinzi."

Roboti mbili za ulinzi zikaingia, zikamshika Tunu mikono. Bibi akakurupuka, akazichapa kwa kandambili.

"Mwacheni! Mke mwenzangu huyo! Kobelo, lete huo uji. Siwezi kugombana na mtu tumbo tupu."

Kobelo akaja mbio, mpira wa puani umesahaulika. Bibi akamaliza bakuli, akaomba la pili. Tunu akalikabidhi huku akiuponda uji kuwa ni maji ya kuoshea vyombo, na Bibi akacheka hadi akapaliwa.

Kisha akamtazama Tunu.

"Miaka mitatu, Tunu."

Tunu akapiga magoti pale pale alipokuwa badali.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Bibi akamshika shavu, akalifinya hadi likauma. "Hicho kitu kibaki kinikunjie khanga. Wewe Jumamosi ijayo uje mapema. Nimekuwekea matusi mengi, nikiyamaliza leo yote nitaonekana sina adabu."