Bastola Mpya ya Kagwe

Kagwe alikuwa amelala chali kando ya kiti chake cha ofisi, macho wazi, shati jeupe limelowa damu upande wa moyo. Bastola yake mpya ilikuwa juu ya zulia, karibu na kona ya meza. Wiki nzima alikuwa akihofia isije ikamponyoka, na sasa ilikuwa chini naye yuko chini.

Inspekta Wakonyo wa upelelezi, Thika, hakuingia mara moja. Alisimama kwenye korido ya kiwanda cha Kagwe cha magodoro akaangalia kwanza walio hai. Wafanyakazi walikuwa wamejazana wakinong'ona. Miguuni pao palikuwa na chai iliyomwagika na vikombe vilivyovunjika. Mwanamke wa makamo alikuwa ameketi hapo hapo kwenye unyevu. Huyo ni Ndila, mpishi wa chai wa kiwanda.

"Ni yeye!" alisema mwanamume mwenye koti la ngozi. "Huyo mama ndiye ameua ndugu yangu."

"Na wewe ni nani?"

"Gachau. Mimi ni mdogo wake Kagwe. Naendesha duka letu la magodoro kule Ruiru. Nilikuja kumwona leo asubuhi. Nilikuwa hapa ndani naye, afande, nimeona na macho yangu."

"Eleza."

"Kagwe aliweka bastola kwa meza, hapo kwa kona. Huyu mama akaingia na trei, anasukuma mlango na mgongo vile huwa anafanya. Mlango ukagonga meza. Bastola ikaanguka, paa! Na yeye trei ikamponyoka hapo ndani. Brathe akawa ameenda."

"Ilianguka ikalia papo hapo?"

"Papo hapo. Hii sakafu ni simiti, afande, kapeti ni urembo tu. Kitu mpya ikigonga simiti hivyo, unatarajia nini?"

Sajini Mbuvi, msaidizi wa Wakonyo, aliandika huku akisikitika. Kwake kesi ilikuwa rahisi kama kumsukuma mlevi.

Wakonyo alimwinamia Ndila. "Mama, niambie wewe."

"Niambie nini, madam? Nimeua mzee."

"Ulimwona akipigwa?"

"Sikuona. Nilikuwa nimegeuka, mikono yote iko kwa trei. Nikaegemea mlango na mgongo. Nikasikia paa. Nikaruka. Mlango ukafunguka, nikaanguka ndani. Kugeuka, mzee yuko chini, na Gachau ananipigia kelele, 'Ona kile umefanya!' Aiya, madam! Na mzee alikuwa ametuonya. Kila siku, 'Msiguse meza yangu, hiyo kitu ikianguka itatumaliza.' Nifunge tu. Hata mimi siwezi kujisamehe."

Mtu akishakiri na shahidi akawepo, polisi hana la kufanya ila kumchukua. Ndila alipandishwa gari la polisi mbele ya wenzake wote. Wanawake wawili wa mtaa wa Kiandutu waliokuwa wakipita wakamtambua jirani yao, na kabla ya saa sita mtaa mzima ulikuwa na habari. Wengine walisema alilipwa. Wengine walisema alikuwa mchawi siku zote, ila walikosa ushahidi. Binadamu hana haya.

Wakonyo akaingia ofisini. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye magoti mabovu yaliyomtesa kila alipokagua maiti. Akashika ukingo wa meza, akakunja uso, akapiga magoti kando ya Kagwe.

Magoti hayakuuma.

Akabaki pale kidogo, ameshangaa. Akabonyeza zulia kwa kiganja. Likabonyea. Akainua pembe yake, na chini yake akaona sponji ya manjano, nene kama vidole viwili, imetandazwa kutoka mlangoni mpaka ukutani.

"Niitieni karani wake," alisema.

Karani aliitwa Wangechi. Alikuja macho mekundu, leso mkononi.

"Hii sponji inafanya nini hapa?"

Wangechi akacheka, kisha akalia, kisha akacheka tena. "Ni hiyo bastola, madam. Ilikuwa inamsumbua! Aliipata baada ya wezi kuvunja stoo. Sasa akawacha kuogopa wezi, akaanza kuogopa kuiangusha. 'Wangechi, ikianguka itavunjika? Itapata alama? Itajifyatua?' Akikaa anaitoa kwa kiuno anaiweka kwa meza, ati isiteleze. Jana jioni watu wakienda, akanibebesha sponji nimsaidie kutandika hapa. Akasema sasa atafanya kazi na amani."

"Nani mwingine alijua?"

"Hakuna. Aliona haya. Mzee mzima kutandikia bunduki godoro!"

Wakonyo alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akazunguka ofisi yote akilipapasa zulia kwa mkono, toka mlangoni hadi dirishani. Lilikuwa kavu kabisa. Hapakuwa na tone la chai wala kipande cha kikombe.

"Mbuvi, Gachau alisema trei iliangukia wapi?"

Mbuvi akafunua karatasi zake. "Hapo ndani, afande."

"Na chai iko wapi?"

Mbuvi akatazama zulia, akatazama korido. Kalamu ikasimama. "Afande... huyo mama alikuwa bado nje risasi ikilia!"

"Basi mlango ulikuwa haujagonga kitu. Umefunguliwa na aliyekuwa ndani."

"Nimlete Gachau sasa hivi?"

"Wacha atulie. Mwambie asisafiri. Njia ya mwongo ni fupi, acha aitembee mwenyewe."

Kesho yake Wakonyo alikwenda kwa Janice, mtaalamu wa silaha. Janice alikuwa na bastola nyingine ya aina ile ile mezani, imechubuka kila upande.

"Nimeitesa hii kitu," alisema kwa furaha. "Nimeiangusha kwa simiti na pua, na kitako, na ubavu. Nikapanda juu ya kiti nikaiangusha tena. Imechubuka rangi, lakini haijajifyatua hata mara moja. Ndani iko na chuma inazuia pini ya kugonga risasi. Bila kidole kwa triga, hiyo pini haiendi mahali."

"Na ya Kagwe?"

"Haina hata mkwaruzo. Hiyo haijawahi kugonga simiti." Janice akapunguza sauti. "Unajua alinipigia simu kuuliza? Nilimwambia hivi hivi. Akasema asante, na sauti yake nikajua hajaniamini."

Daktari aliyepasua maiti naye akamaliza maneno. Risasi iliingia juu kifuani ikashuka kuelekea kiunoni. Bastola iliyolala sakafuni hailengi chini. Kagwe alikuwa ameketi, na aliyempiga alikuwa amesimama mbele yake.

Mchana Gachau aliletwa ofisini kwa marehemu. Aliingia na mabega juu, bado yumo ndani ya koti lake la ngozi.

"Nionyeshe iliangukia wapi," Wakonyo akamwambia.

"Hapa."

Akampa bastola tupu ya Janice. "Iangushe."

"Mimi?"

"Wewe uliona. Iangushe vile ilianguka."

Gachau akaiweka ukingoni mwa meza, akaisukuma. Ikashuka kwenye zulia bila kelele, kama paka aliyeruka kitandani. Gachau akaitazama. Akapiga zulia kwa kisigino, mara moja, kisha tena kwa nguvu zaidi. Uso ukamwisha rangi.

"Ulisema ni simiti," Wakonyo alisema.

"Ni... ilikuwa simiti."

"Kagwe alitandika sponji juzi jioni. Hukuambiwa."

Gachau akarudi nyuma hatua moja.

"Chai ilimwagika wapi, Gachau?"

"Sikumbuki."

"Nje. Ulikuwa umempiga ndugu yako, ukasikia vikombe vikivunjika kwa mlango. Ukatupa bastola, ukafungua, mama wa watu akakuangukia ndani. Hapo ndipo uongo ulikujia. Ulijua kiwanda chote kimejazwa woga wa hii bastola. Ukajua hata Ndila mwenyewe atakuamini."

"Huna ushahidi kama ni mimi."

"Hilo koti unalipenda sana, hujalivua. Livue tupeleke mkono wake wa kulia maabara. Baruti haitoki kwa kupangusa."

Gachau akaangalia mkono wa koti. Kisha akaketi, si kwenye kiti, bali chini, palepale kwenye sponji.

"Shule moja ya Ruiru ilirudisha magodoro," alisema. "Kagwe akapasua moja. Akakuta nimejaza matambara na takataka. Nje nimeshonea kitambaa chetu, na jina letu. Akaniita hapa. Akasema Jumapili atasimama kanisani, kanisa yangu, awaambie watu wasininunulie kitu. Na watoto wangu wameketi hapo."

"Ulimwomba msamaha?"

"Nilipiga magoti, madam, hata sikuhisi ulaini chini! Na unajua alikuwa anafanya nini mimi nikilia? Alikuwa anasukuma hiyo bastola na kidole, polepole, isikaribie kona ya meza. Ati isianguke. Hakuniangalia. Alikuwa anaogopea chuma, na mimi mtoto wa mama yake niko hapo chini." Akatazama bastola pale zuliani. "Nikasimama, nikaichukua. Ndio, ni mimi."

Mbuvi akamfunga pingu.

Wakonyo hakutuma mtu seli. Alikwenda mwenyewe, akafungua mlango kwa mkono wake. Ndila alikuwa pembeni, hajagusa chakula.

"Mama, toka. Hukuua mtu."

"Madam, usinifariji."

"Gachau amekiri. Alimpiga ndugu yake ukiwa bado nje na trei yako. Mlango haukugonga meza, bastola haikujifyatua. Mgongo wako hauna kosa lolote."

Ndila akainuka. Machozi yakaja, kisha nyuma yake kikaja kicheko kikubwa kilichowafanya mahabusu wengine wapige makofi bila kujua sababu.

Garini alikataa kukaa nyuma. "Nyuma nilikaa jana," alisema. Akapanda mbele kando ya Mbuvi aliyekuwa akiendesha, Wakonyo akakaa nyuma. Akafunga mkanda, akaipanga leso kichwani. Walipokaribia Kiandutu akamgusa Mbuvi begani.

"Kijana, hiyo kitu yenu ya kupiga kelele, inafanya kazi?"

Mbuvi akamgeukia Wakonyo. "Afande, king'ora ni cha dharura."

"Hii ni dharura," Wakonyo alisema. "Washa."

King'ora kikalia. Kuku wakatawanyika, akina mama wakatoka milangoni na miko mikononi. Ndila akateremsha kioo mpaka mwisho, akatoa kichwa na mabega nje, akapaza sauti ikakishinda hata king'ora:

"Si mimi! Mnasikia, nyinyi? Si mimi niliua!"